Maswali ya Wasomaji: Posho Inayochelewa, Tasnifu Isiyoisha na Burudani Yenye Lawama

Barua nne za toleo hili zimeandikwa na wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu. Hazikufika siku moja wala waandishi wake hawafahamiani, lakini nilipozisoma kwa mfuatano niliona kwamba wote wanne wanasumbuliwa na jambo moja, nalo ni kutojua: hawajui fedha itaingia lini, hawajui kazi itakwisha lini, na kwa sababu hiyo hawajui kama wana ruhusa ya kupumzika. Nami niliwahi kuishi hivyo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nimejibu kwa urefu pale nilipoona panahitaji urefu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Nina ufadhili, na kwa hesabu ya karatasi posho yangu inatosha, lakini huingia kwa mikupuo miwili kwa mwaka na mara zote huchelewa. Ikiingia nalipa madeni yote, nanunua vitu nilivyokuwa nimeviahirisha, ndugu nao wanajua kwamba nimepata, na baada ya miezi mitatu narudi kukopa. Siku hizi nimeanza kuchukua mikopo ya haraka ya kwenye simu. Nafungua kompyuta, nakaa mbele ya sura ya pili ya tasnifu kwa saa tatu, na kitu pekee ninachokihesabu kichwani ni deni. Je, tatizo ni matumizi yangu, au ni akili yangu iliyochoka?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na akili, maana naona ndiyo iliyokutia hofu zaidi. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, ambao sehemu yake moja ilifanywa kwa wakulima wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu nchini India. Wakulima hao hupata fedha yao kama unavyoipata wewe, yaani kwa mkupuo, baada ya mavuno. Watafiti waliwapa watu walewale majaribio ya kufikiri mara mbili, kabla ya mavuno wakati mifuko imekauka na baada ya mavuno wakati wameshalipwa, wakaona kwamba kabla ya malipo walifanya vibaya zaidi. Wataalamu wengine wamehoji namna matokeo hayo yalivyotafsiriwa, na ni haki yao, lakini yeyote aliyewahi kusoma aya moja mara sita huku akiwaza kodi ya chumba anaielewa hali yenyewe. Akili yako haijaharibika. Imeajiriwa kazi nyingine, ya kulinda deni, na kazi hiyo haina likizo.

Kuhusu matumizi, sidhani kwamba wewe ni mfujaji. Kosa lako, kama nimeisoma barua vizuri, liko katika kuhesabu mkupuo kuwa ni wa miezi sita kwa sababu mkataba unasema hivyo. Chukua taarifa ya akaunti yako ya benki uandike tarehe zote ambazo posho imewahi kuingia tangu uanze masomo, kisha upime pengo refu kuliko yote kati ya malipo mawili. Kama pengo hilo lilikuwa miezi minane, basi posho yako ni ya miezi minane, hata mkataba ukisema vinginevyo. Igawe kwa 8, uihamishe katika akaunti ambayo huibebi kwenye simu, na kila tarehe moja ujilipe fungu moja tu, kama mwajiriwa anavyopokea mshahara. Utaishi kwa robo tatu ya ulichokizoea, na miezi ya mwanzo itauma. Lakini mkupuo unaofuata ukiwahi kidogo utakukuta bado una mafungu mkononi, na kuanzia hapo kuchelewa kwa posho kutakuwa kero ya ofisi badala ya kuwa msiba wa nyumbani kwako. Ndugu nao waambie fungu la mwezi, wala usiwatajie mkupuo. Mtu akisikia umepokea fedha ya nusu mwaka kwa siku moja, hawezi kuamini kwamba huna.

Nakuomba pia uache desturi ya kulipa madeni yote siku ya kwanza. Inaonekana kuwa ni uaminifu, na kwa hakika inatokana na uaminifu, lakini ndiyo inayokurudisha kukopa mwezi wa tatu. Deni la kulipa lote mara moja ni lile la kwenye simu, nami nitakueleza sababu. Iko kanuni ya zamani, ambayo tayari imo katika kitabu cha hesabu cha Luca Pacioli cha mwaka 1494, kwamba ukigawa 72 kwa kiwango cha riba unapata kwa makadirio muda ambao deni lisilolipwa litaongezeka maradufu. Riba ikiwa asilimia 12 kwa mwaka, deni hujirudufu kwa takriban miaka 6; ikiwa asilimia 24, kwa miaka 3. Mikopo ya haraka, hata hivyo, hutaja asilimia ya mwezi, na mara nyingi huiita ada ili isisikike kama riba. Asilimia 10 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini ikiachwa ijilimbikize itarudufu deni katika miezi 7 hivi, na ikitimia miezi 12 utakuwa unadaiwa zaidi ya mara tatu ya ulichopewa. Marafiki uliowakopa hawana kanuni hiyo. Kaa na kila mmoja, mpange tarehe na kiasi, uandike mbele yake, halafu uitimize ahadi hiyo bila kukumbushwa.

Jambo lingine ambalo wanafunzi wengi hulisahau mpaka limewafika ni gharama za mwisho. Mwaka wa kuandika ndio mwaka ambao ufadhili hukoma, na ndio huo huo unaodai unukuzi wa mahojiano, mhariri wa lugha, uchapishaji wa nakala za watahini, kujalidi, na ada ya kuendelea kusajiliwa iwapo muda uliopangwa umepita. Mimi niliyajua hayo miezi miwili kabla ya kuwasilisha, nikauza vitabu ambavyo hadi leo navitafuta. Nenda katika ofisi ya masomo ya juu wiki hii uombe orodha ya ada hizo kwa maandishi, uzitenge kidogo kidogo kuanzia sasa. Ukiwa hapo uliza pia ni nani anayetia saini ya kuruhusu posho, huwa anahitaji ripoti gani kutoka kwa msimamizi wako, na mwisho wa kuiwasilisha ni lini. Ucheleweshaji mwingi niliowahi kuufuatilia ulitokana na karatasi moja iliyolala mezani kwa mtu asiyejua kwamba kuna mwanafunzi anaisubiri.

Mwisho, nimeona katika barua yako aibu ambayo hukuitaja kwa jina. Mwanasayansi Marie Skłodowska Curie alisoma Paris akiishi katika chumba cha darini chenye baridi kali, na mwaka 1893 alikubali ufadhili wa rubli 600 uliomwezesha kuendelea na shahada ya hisabati. Alipoanza kupata kipato aliirudisha fedha hiyo, ingawa haukuwa mkopo, ili mwanafunzi mwingine aipate. Vyuo vingi vina mifuko midogo ya dharura na ya kumalizia tasnifu, nayo hupewa wale waliojaza fomu. Ijaze, ndugu yangu, na umwambie msimamizi wako hali halisi kabla hajaanza kudhani kwamba umeichoka kazi.

Swali: Mwalimu, salaam. Ninahitaji makala za kitaaluma ambazo zinauzwa kwenye intaneti kwa bei nisiyoiweza, na maktaba yetu haina usajili wa majarida hayo. Je, nibadili mada?

Jibu: Usibadili mada kwa sababu hiyo hata kidogo. Tafuta kwanza kichwa kamili cha makala, maana mara nyingi nakala ya bure iko katika hazina ya chuo cha mwandishi au katika hifadhi za wazi. Katika fizikia na hisabati hifadhi inayoitwa arXiv imekuwa ikiweka makala bila malipo tangu mwaka 1991, na fani nyingine nyingi zimefuata mfano huo. Usipoipata, mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe ya mistari minne, ukieleza wewe ni nani, unatafiti nini na unahitaji makala ipi. Kwa kawaida fedha inayotozwa hapo huchukuliwa na mchapishaji, na mwandishi hufurahi kusikia kwamba kuna mtu anataka kumsoma. Nimewahi kupata kwa njia hiyo makala na, pamoja nayo, ushauri ambao uliniondolea kosa kubwa katika sura ya mbinu. Muulize mkutubi pia kuhusu utaratibu wa kuazimana vitabu baina ya maktaba, ambao wanafunzi hawaujui kwa kuwa hawauulizi.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamili huku nikiwa mwajiriwa. Narudi nyumbani jioni, nawahudumia watoto, na nikikaa kuandika ni karibu saa nne usiku. Naandika hadi saa nane, naamka saa kumi na moja. Mwenzangu kazini hunikumbusha kwamba hata Einstein alikuwa mwajiriwa alipofanya mambo yake makubwa. Mimi nimefika mahali nasahau nilichokiandika jana.

Jibu: Marahaba, mama. Ni kweli kwamba mwaka 1905 Albert Einstein alikuwa karani mtaalamu katika ofisi ya hataza, yaani ya kusajili haki za uvumbuzi, mjini Bern, na kwamba mwaka huo huo aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Zurich. Lakini mfano huo haukutoshi wewe. Alikuwa amekwisha kumaliza masomo ya darasani miaka mitano kabla, na wewe bado una mitihani. Mwambie mwenzako kwa upole kwamba msaada unaouhitaji kutoka kwake ni kubadilishana zamu, akiweza.

Hesabu ya usiku wako inanitia wasiwasi, kwa kuwa unalala saa tatu. Mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi nchini Marekani vilipendekeza kwa pamoja kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku. Najua kwamba mama mwenye kazi na watoto atazisoma saa hizo kwa uchungu, na sikuandikii ili kukulaumu. Ninakuomba ulale kuanzia saa nne hiyo hiyo na uamke saa kumi alfajiri, uandike kwa dakika 50 tu kabla nyumba haijaamka. Hazitafika saa saba, lakini zitakuwa sita, mara mbili ya unazozipata sasa. Dakika 50 za kichwa kilicholala zina kurasa nyingi kuliko saa nne za kichwa kinachosinzia. Na ushahidi unao mwenyewe, kwa sababu unayoyaandika usiku unayasahau na pengine unayaandika upya.

Ili dakika hizo zisiishe kwa kutafuta ulipoishia, kila unapofunga kazi andika sentensi moja inayosema kesho utaanza na nini hasa. Usiandike «kuendelea na sura ya tatu». Andika «kueleza kwa nini niliwaacha wahojiwa wawili». Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alionyesha mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatishwa hubaki kichwani kuliko iliyokamilika, na ndiyo sababu tasnifu inakufuata hadi jikoni na hadi kwenye kikao cha wazazi. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akishapanga kwa uwazi jinsi atakavyoitimiza kazi, mawazo yake hupunguza kuirudia hata kabla hajaitimiza. Sentensi hiyo moja, basi, ina faida mbili: inakuokolea asubuhi, na usiku inawarudishia watoto mama aliye nao kweli.

Zungumza pia na msimamizi wako kuhusu kuongeza muhula mmoja. Ada yake utaiona kubwa, lakini ilinganishe na gharama ya kufeli mtihani na kuurudia.

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nasoma uzamivu, naishi peke yangu, na burudani yangu ni tamthilia za mfululizo na hadithi za upelelezi. Kila usiku najiambia nitatazama sehemu moja, nakuja kushtuka nimetazama nne. Kesho yake najichukia, najipiga marufuku wiki nzima, kisha narudi kwa pupa zaidi. Bando linaisha, na nimejisajili katika huduma tatu za filamu ambazo zote zinakata fedha kila mwezi. Rafiki zangu wanasema mtu wa uzamivu hapaswi kutazama vitu hivyo hata kidogo. Wewe ulikuwa unapenda nini, na ulijizuiaje?

Jibu: Barua hii niliifurahia, kwa kuwa watu wanaoandika tasnifu huniambia habari za wasimamizi na za fedha lakini huona haya kusema wanachokipenda. Nilipenda michezo ya kuigiza ya redio na mpira wa miguu, na kwa miaka mitatu nilisoma hadithi za upelelezi mfululizo kiasi kwamba naweza kuamini nilijifunza humo namna ya kupanga ushahidi katika sura. Mpelelezi mzuri hasemi anachokishuku mpaka ameondoa yote yasiyowezekana, na mtahini wako atataka uandike hivyo hivyo. Marafiki zako wamekosea, nami nalisema hilo bila kusita.

Charles Darwin, mwanasayansi aliyechunguza viumbe, ambaye sidhani kuna atakayemwita mvivu, kazi yake nzito aliifanya asubuhi, na sehemu kubwa ya siku iliyobaki ilikuwa ya matembezi, barua, mapumziko na riwaya alizosomewa kwa sauti. Usiku alicheza na mkewe Emma michezo miwili ya bakgamoni, ule mchezo wa kete na dadu, na matokeo aliyahifadhi kwa uangalifu uleule aliowawekea viumbe wake. Mwaka 1876 alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba mkewe alikuwa ameshinda michezo 2,490 na yeye 2,795. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein naye, kwa maelezo ya Norman Malcolm aliyemfahamu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mara nyingi alipomaliza kufundisha alitoka akiwa amechoka kabisa, akaenda moja kwa moja sinema na kukaa safu ya mbele ili skrini imjae macho na mawazo ya mhadhara yamwondoke. Hadithi za upelelezi alizipenda kama unavyozipenda wewe.

Tazama hata hivyo walichofanana. Mchezo wa Darwin ulikuwa na idadi, miwili, na filamu ya Wittgenstein ilikuwa na mwisho, kwa sababu taa za ukumbi ziliwashwa watu wakatoka. Burudani yako haina taa inayowashwa. Sehemu moja ikiisha, nyingine inaanza yenyewe baada ya sekunde chache, nayo iliandikwa makusudi ili iishe mlango ukigongwa au siri ikiwa inakaribia kutajwa. Ufundi huu wa kumwacha mtu njia panda si mpya. Charles Dickens aliuza riwaya zake kwa vipande vya kila mwezi tangu mwaka 1836, na wasomaji wake walilazimika kusubiri. Wewe hulazimiki kusubiri, na hapo ndipo nguvu ya kujizuia inaposhindwa, kwa kuwa unaidai ifanye kazi katika dakika ambayo mwandishi stadi ameiandaa ili ishindwe.

Kwa hiyo usisimame mwisho wa sehemu. Simama katikati. Tazama sehemu moja hadi mwisho, endelea na dakika kumi au kumi na tano za inayofuata mpaka fundo lililoachwa lifunguliwe, kisha uzime pale wahusika wanapokuwa wanazungumza mambo ya kawaida. Utashangaa jinsi ilivyo rahisi, kwa kuwa hakuna kinachokuvuta. Kesho utaanzia hapo hapo. Zima pia ule mpangilio unaoanzisha sehemu mpya yenyewe. Huduma nyingi zina sehemu ya kuuzima katika mipangilio ya akaunti.

Marufuku ya wiki nzima iache kabisa. Inakufanya uhesabu burudani kuwa kosa, na mtu anayejiona amekwisha kukosa hana sababu ya kusimama kwenye sehemu ya pili wala ya nne. Iweke katika ratiba kama unavyoweka kikao na msimamizi, kwa saa ya kuanza na saa ya kwisha, na ukiwa ndani ya saa hiyo usifungue tasnifu wala usijilaumu. Mimi mechi yangu ya wiki niliiandika katika daftari la utafiti, ukurasa mmoja na kazi za wiki, na msimamizi wangu alipoiona aliniuliza tu ni timu gani.

Kuhusu usajili wa huduma tatu, bakiza mmoja. Tazama unachokitaka humo kwa miezi miwili, ufute, uhamie mwingine. Tamthilia haziozi, na ukirudi utazikuta. Fedha ya huduma mbili inayobaki ihamishie kwenye bando au kwenye zile ada za mwisho nilizozitaja katika jibu la kwanza. Siku bando linapokwisha, zipo hadithi ambazo hazikuombi kitu: mradi wa Project Gutenberg, ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani, na humo mna hadithi za upelelezi za karne ya 19 na za mwanzo wa karne ya 20 za kukutosha hadi siku ya kutetea tasnifu yako. Zipakue ukiwa maktabani, ambako intaneti ni ya bure, uzisome kitandani simu ikiwa imezimwa data. Sura moja kwa usiku, na ukiona sura inaishia penye siri, soma kurasa mbili za inayofuata kabla ya kuzima taa.